Wino Ugande Kwenye Plastiki: Ulipe Kiasi Gani, na kwa Njia Ipi?

Wino ukibanduka kwenye chupa ya plastiki, wa kwanza kulaumiwa ni mchapishaji, na wa pili ni aliyeuza wino. Mara nyingi wote wawili hawana kosa. Tatizo liko kwenye uso wa plastiki yenyewe, na tiba zake ni nyingi: kuanzia karatasi ya msasa ya bei ya chai na chapati, hadi mashine ya plazma yenye bei ya gari. Kati ya hizo mbili zipo njia ambazo mwenye karakana ndogo anaweza kuzimudu kesho asubuhi, lakini hakuna anayezipigia debe kwa sababu hazina faida kubwa kwa muuzaji.

Makala hii inazilinganisha njia hizo kwa gharama, kwa kazi zinazofaa na kwa hatari zake. Imeandikwa kwa ajili ya mtengeneza sabuni, losheni au asali anayechapisha nembo kwenye chupa, fundi rangi anayehangaika na bampa, na mwenye kiwanda anayefikiria kununua mashine.

Kwa nini plastiki hukataa

Ili wino, gundi au rangi ishike, lazima kwanza itandae. Kutandaa kunategemea nishati ya uso, ambayo mafundi wa uchapishaji huipima kwa daini. Maji yana mvutano wa daini 73 hivi. Polithini, plastiki ya madumu na chupa nyingi za sabuni, ina daini 31 hivi, na polipropilini, ya vifuniko, ndoo na mabampa, ina kati ya 29 na 30. Ndiyo maana maji hukaa juu yake kwa matone, kama yanavyokaa juu ya jani la gimbi. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa iko juu zaidi, karibu 43, na polikaboneti inaikaribia.

Sababu iko ndani ya molekuli. Polithini na polipropilini ni minyororo ya kaboni na hidrojeni tupu, isiyo na mahali pa wino kujishikiza. Kanuni ya mafundi ni kwamba uso uuzidi wino kwa daini 7 hadi 10. Kwa wino wa thina, uso unaofikia daini 38 kwa kawaida unatosha. Wino wa maji unadai 42 au zaidi. Polithini ya 31 haifiki popote bila kusaidiwa.

Msaada wenyewe, uwe moto, korona ya umeme au plazma (nitazieleza mbele), hufanya jambo moja: hupachika oksijeni kwenye tabaka la juu kabisa la plastiki, lenye unene wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa hiyo chupa haibadiliki umbo, uzito wala uimara. Kinachobadilika ni ngozi yake ya nje tu.

Kwanza ijue plastiki yako

Kabla ya kutoa hata shilingi, geuza chombo chako ukitazame chini. Namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale ilianzishwa Marekani mwaka 1988, na sasa iko karibu dunia nzima. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji na soda. Namba 2 na 4 ni polithini, nzito na laini. Namba 3 ni PVC, 5 ni polipropilini, na 6 ni polistirini. Bampa la gari halina pembetatu hiyo, lakini kwa ndani mara nyingi limeandikwa herufi kati ya alama mbili za mshale, mfano PP+EPDM, yaani polipropilini iliyochanganywa na mpira.

Ukikuta 2, 4 au 5, unahitaji tiba. Ukikuta 1, 3 au 6, mara nyingi wino sahihi na usafi mzuri vinatosha, na mtu anayekuuzia mashine hapo anakuuzia usichokihitaji.

Kisha fanya jaribio la bure. Osha chupa kwa sabuni, suuza mara kadhaa, iache ikauke, halafu idondoshee tone moja la maji safi. Likisimama duara na kingo zake zikijikunja kwa ndani, uso haujatibiwa. Likilala na kutandaa, uso uko tayari. Suuza kwelikweli, maana sabuni iliyobaki hulifanya tone litandae hata juu ya plastiki mbichi, nawe ukadanganyika. Wenye kazi nyingi wanaweza kuagiza kalamu za daini. Unachora mstari, wino wa kalamu ukibaki mstari kwa sekunde mbili bila kugawanyika matone, uso umefikia namba ya kalamu hiyo.

Njia ya kwanza: badili chombo au lebo

Hii ndiyo inayosahaulika, na kwa wengi ndiyo nafuu kuliko zote. Kama bidhaa yako inaweza kukaa kwenye chupa ya namba 1, hamia huko. Kama lazima iwe polithini, muulize anayekuuzia chupa kama kiwanda kinaweza kuzipitisha kwenye moto kabla ya kuzifungasha. Viwanda vinavyopuliza chupa vinaifahamu kazi hiyo, na kwa oda kubwa nyongeza ya bei huwa ndogo.

Kwa stika, tatizo mara nyingi ni gundi yake. Gundi ya asili ya mpira hushika plastiki hizi kaidi vizuri kuliko gundi ya akriliki, ingawa akriliki huvumilia jua vizuri zaidi. Mwambie mchapishaji wa stika kwamba chombo chako ni polithini, naye achague gundi inayofaa. Kwa ndoo kubwa za rangi, viwanda huweka lebo ya polipropilini ndani ya kalibu, ikaungana na ndoo wakati wa kumimina. Hapo hakuna gundi hata kidogo, na hakuna cha kubanduka.

Njia ya pili: msasa na kusafisha

Msasa huongeza mikwaruzo ya kushikia, lakini haubadili kemia ya uso. Kwenye plastiki za ABS au PVC unasaidia sana. Kwenye polithini peke yake hauna tija kubwa, kwani plastiki inachanika nyuzinyuzi badala ya kukwaruzika vizuri. Kusafisha, kwa upande mwingine, ni sharti la kila njia. Mafuta ya kalibu, jasho la vidole, na hasa silikoni ya kung'arishia dashibodi na matairi huharibu kazi hata ungekuwa na mashine ya mamilioni. Futa kwa spiriti na kitambaa safi, kwa mwelekeo mmoja, na ubadili kitambaa mara kwa mara.

Njia ya tatu: praima ya plastiki

Praima ya polipropilini ina kemikali yenye klorini ambayo upande mmoja huingia kwenye plastiki, na upande mwingine hupokea rangi. Inauzwa kwenye makopo ya kupulizia kwenye maduka ya rangi za magari, kuanzia Kariakoo hadi Grogan ya Nairobi. Haihitaji mashine. Inapulizwa tabaka jembamba, inaachwa ikauke, kisha rangi inafuata.

Kwa fundi wa mabampa hakuna njia inayoishinda. Bampa lina mikunjo, vishimo na kona ambazo moto huzichoma na korona haizifikii, lakini praima inaingia kote. Kwa gundi, ipo praima maalumu ya polipropilini inayotumiwa pamoja na supagluu, na zipo gundi za akriliki za sehemu mbili zinazoshika polithini bila praima wala moto. Hizo ni ghali kwa kila mrija, lakini kwa kazi ya kipande kimoja bado ni nafuu kuliko mashine.

Na ikiwa kazi ni kuziba ndoo au beseni lililopasuka, acha gundi. Mafundi wa mitaani wanaochomelea kwa chuma cha moto wana haki: polithini huungana na polithini vizuri kuliko inavyoungana na gundi. Chombo kilichowahi kubeba petroli kisichomelewe kamwe.

Njia ya nne: moto

Kupitisha chupa kwenye moto ni teknolojia ya zaidi ya miaka 70, na bado ndiyo inayotibu chupa nyingi duniani. Siri iko kwenye aina ya moto. Unatakiwa moto wa buluu wenye hewa nyingi, kwa sababu oksijeni ya ziada ndiyo inayopachikwa kwenye plastiki. Moto wa njano huacha masizi, na masizi ni adui wa wino.

Ukitazama kwa karibu, utaona kichomeo kizuri kina koni mbili: ya ndani iliyokolea na ya nje iliyofifia. Chupa hupita mbele kidogo ya ncha ya koni ya ndani, haraka, bila kusimama, huku ikizungushwa. Sehemu ya sekunde inatosha. Moto unapofanya kazi yake vizuri, kwa macho huoni chochote. Plastiki ikianza kung'aa au kulegea umeshapitiliza. Dondoshea tone la maji baada ya chupa kupoa. Pale ambapo moto ulipita, maji yanatandaa. Pale uliporuka, yanajikusanya. Ramani hiyo ya maji ndiyo mwalimu wa mkono wa fundi.

Njia ya tano: korona ya umeme

Hapa umeme wa voltaji ya juu, maelfu ya volti, huruka kupitia nafasi ya milimita moja au mbili kati ya elektrodi na rola, na plastiki nyembamba hupita katikati. Kampuni ya Vetaphone ya Denmark, iliyoanzishwa na Verner Eisby mwaka 1951, ni miongoni mwa zilizoieneza. Kwa filamu ya vifungashio, inayokimbia kwa mamia ya mita kwa dakika, korona haina mpinzani. Kituo kimoja cha kiwandani hugharimu kuanzia maelfu hadi makumi ya maelfu ya dola.

Kwa vyombo vya umbo, korona ya kawaida haifai, kwa sababu inataka kitu bapa. Kipo kifaa cha mkononi cha mamia ya dola kinachotoa cheche ndogo. Ni kizuri kwa majaribio na vipande vidogo, lakini ni cha polepole mno kwa biashara ya chupa.

Njia ya sita: plazma ya hewa wazi

Plazma ni gesi iliyopewa nishati hadi elektroni zikajitenga na atomi. Aliyeipa jina hilo ni Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani, mwaka 1928. Kwenye mashine ya hewa wazi, hewa iliyobanwa husukumwa kupitia umeme mkali ndani ya bomba, na mdomoni hutoka mwale unaopitishwa juu ya plastiki. Kampuni ya Plasmatreat ya Ujerumani ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi kwa mashine hizi.

Plazma inashinda moto kwa mambo matatu. Ya kwanza ni usahihi: unaweza kutibu mfereji wa milimita kumi tu na kuacha pembeni palivyo. Ya pili ni kurudiwa: roboti hupita vilevile kila mara, jambo ambalo mkono wa fundi hauwezi kuahidi. Ya tatu ni kwamba inasafisha na kutibu kwa pamoja, bila kemikali ya kununua kila mwezi. Ndiyo maana imeingia kwenye taa za magari, ambako kioo cha polikaboneti hugandishwa kwenye kasha la polipropilini na lazima maji yasipite kwa miaka.

Bei ndiyo kizuizi. Kifaa kidogo cha mkononi ni maelfu ya dola. Mfumo wa kiwandani, pamoja na jenereta yake, huingia makumi ya maelfu, kabla ya roboti, kompresa, usafiri na kodi.

Njia ya saba: plazma ya ombwe

Vipande huwekwa ndani ya chumba, hewa hunyonywa, gesi kidogo kama oksijeni au agoni huingizwa, na plazma hujaa chumba kizima kwa dakika kadhaa. Inafika kwenye matundu na pembe zote, na haipashi joto sana. Ni ya vifaa tiba, elektroniki na maabara. Kwa sababu inakwenda mafungu kwa mafungu, na pampu ina matunzo yake, haimfai mwenye chupa za sabuni.

Hesabu ya chupa moja

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za kwako mahali pake. Mshahara nimeuacha, kwa kuwa anayeshika chupa anahitajika katika kila njia. Tuchukue karakana ya chupa 200 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, na vifaa vya kudumu miaka mitano, yaani siku 1,250.

Praima: tuseme kopo ni shilingi 20,000 na linatosha mita moja ya mraba. Eneo la nembo ni sentimita 8 kwa 10. Kwa kuwa nusu ya dawa huishia hewani, kopo litatibu chupa 62 hivi. Kila chupa inakula shilingi 320.

Moto: kichomeo cha kilowati 2 kinatumia gesi gramu 160 hivi kwa saa. Kilo ikiwa shilingi 4,000, saa moja ni shilingi 640. Fundi akipitisha chupa 300 kwa saa, gesi ni shilingi 2 kwa chupa. Kichomeo na stendi vikigharimu shilingi 300,000, vinaongeza shilingi 1 na ushei. Jumla haifiki shilingi 4.

Plazma: mashine na kompresa zikigharimu shilingi milioni 50, kila siku ya kazi inabeba shilingi 40,000. Zigawe kwa chupa 200, unapata shilingi 200 kwa chupa. Umeme ni kitu kidogo: plazma na kompresa zikila kilowati 4 kwa saa moja, ni uniti 4, na kwa shilingi 356 kwa uniti ni shilingi 1,424 tu. Chupa moja inafika shilingi 207.

Sasa ongeza kazi. Kwa chupa 10,000 kwa siku, mzigo wa mashine unashuka hadi shilingi 4, na umeme wa saa nane, shilingi 11,392, unaongeza moja na kidogo. Plazma inakuwa shilingi 5 kwa chupa. Hapo ndipo inapoanza kuongea na moto kwa usawa, na ubora wake unaweza kuamua.

Fundisho ni moja: gharama ya plazma haiko kwenye umeme. Iko kwenye mashine iliyokaa bila kazi.

Muda wa tiba, na kuzidisha dozi

Uso uliotibiwa haubaki hivyo milele. Molekuli hujigeuza taratibu na kuzamisha oksijeni ndani, na vilainishi vilivyochanganywa kwenye plastiki hupanda juu. Joto la ghala la bati huharakisha yote mawili. Kwa hiyo ukitibu mwenyewe, panga kazi ili chupa itibiwe na kuchapishwa siku hiyohiyo. Chupa au filamu iliyotibiwa kiwandani ipimwe tena kabla ya kuchapishwa.

Kuzidisha nako ni hasara. Uso uliopigwa kupita kiasi hujaa vipande vidogo vya plastiki iliyovunjika. Wino unavishika vyema, kisha vyote viwili vinaondoka pamoja.

Hakiki kazi kwa utepe. Wino ukishakauka kabisa, kata kwa wembe mistari sita na sita inayopishana, upate viraba 25. Bandika utepe wa kunata, ugandamize, uvute kwa mkupuo. Kiraba kikitoka, usipeleke bidhaa sokoni. Hili si suala la urembo. Tarehe ya kwisha muda iliyofutika, au onyo lililobanduka kwenye dumu la dawa ya wadudu, linaweza kumdhuru mtoto wa mtu. Mtengenezaji ana wajibu kwake.

Usalama

Korona na plazma huzalisha ozoni. Kikomo kinachotumika sana mahali pa kazi ni sehemu 0.1 kwa milioni, na ukiisikia harufu yake kali, washa feni ya kutoa hewa nje mara moja. Praima ina vimiminika vinavyodhuru mapafu na ubongo. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke, kwani ya kitambaa haizuii kitu. Usiwahi kuchoma PVC, kwa kuwa hutoa gesi ya asidi. Na chupa iliyofutwa kwa spiriti ikauke kabisa kabla ya kuisogeza kwenye moto.

Kabla ya kulipia mashine

Omba muuzaji ajaribu vipande vyako mwenyewe, kwa wino wako. Watengenezaji wakubwa wana maabara kwa kazi hiyo. Uliza kama mashine inataka umeme wa fezi tatu, kama hewa lazima iwe kavu na isiyo na mafuta, mdomo wa bomba unadumu saa ngapi na unauzwa bei gani, na nani atakuja ikiharibika. Jibu la swali la mwisho likiwa la kusuasua, subiri.

Nani achague nini

Mwenye chupa chini ya elfu moja kwa siku: hamia plastiki namba 1, au nunua chupa zilizopitishwa moto, ikishindikana, nunua kichomeo na mfundishe mtu mmoja aifanye kazi hiyo kila siku. Fundi wa mabampa: praima, na usafi usio na mzaha. Mwenye mitambo ya filamu: korona. Anayeunganisha vipande ambavyo kuvuja kwake ni hatari, au anayechapisha maelfu ya vyombo kwa siku kwa kiwango kisichobadilika: plazma ya hewa wazi ina thamani ya bei yake. Vifaa tiba na elektroniki: chumba cha ombwe.

Na kwa walio wadogo ambao plazma inawafaa lakini hawaimudu, upo ushirika. Wenye karakana kumi wanaochapisha chupa 1,000 kila mmoja wanafikia zile 10,000 za hesabu yetu. Kipindi kimoja cha mazungumzo kati yao kinaweza kuwapa ubora ambao kila mmoja peke yake hangeufikia kwa miaka.